Namba Nayo Ihaririwe

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie kazi mbili ambazo wengi hudhani ni za watu wawili tofauti: uandishi wa habari za takwimu na uhariri msanifu, yaani kusahihisha lugha na ukweli wa habari kabla haijachapishwa. Mimi nazifanya zote, na naamini kwa dhati kwamba ni kazi moja. Jicho linalosaka jina lililokosewa katika aya ndilo linalopaswa kusaka sifuri iliyozidi katika jedwali.

Takwimu si ngeni magazetini. Toleo la kwanza la Manchester Guardian, gazeti la mji wa Manchester, Uingereza, Mei 1821, lilikuwa na jedwali la shule za mji ule, idadi ya wanafunzi na gharama zake. Kilichobadilika ni wingi. Nyaraka za Panama, hati za siri za kampuni moja ya mawakili ya Panama zilizofichuliwa mwaka 2016, zilizidi milioni 11. Nani angezisoma moja moja? Ndiyo maana tunajifunza lahajedwali (majedwali ya kompyuta, kama ya Excel), hifadhidata, na lugha za programu kama Python na R. Hayo yanafundishika, sitayakalia sana.

Ninachotaka tukikalie ni shaka. Mwaka 2010 wachumi wawili wenye majina makubwa, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala iliyoonyesha kwamba nchi tajiri ambazo deni lao lilivuka asilimia 90 ya pato la taifa, uchumi wao kwa wastani ulisinyaa kwa asilimia 0.1. Wanasiasa waliinukuu walipotetea kubana matumizi ya serikali. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, aliomba faili yenyewe, akapewa. Akakuta fomula ya wastani imeziruka nchi tano. Yeye na walimu wake waliporekebisha hilo, pamoja na mambo mengine ya mbinu waliyoona hayako sawa, wastani ukawa ukuaji wa asilimia 2.2. Waandishi walikiri kosa la fomula, ingawa hoja nyingine walizipinga.

Tazameni ujuzi uliotumika pale. Kuomba faili. Kuifungua. Kufuata fomula seli kwa seli, yaani kisanduku kwa kisanduku cha jedwali, bila kutishwa na jina la aliyeiandika. Huo ni uhariri, na mimi nauheshimu kuliko grafu yoyote yenye rangi nzuri.

Mwaka 2020, Uingereza, karibu visa 16,000 vya korona vilikosekana kwenye hesabu za kila siku kwa sababu faili za muundo wa zamani wa Excel hazipokei zaidi ya safu mlalo 65,536. Kilichozidi hapo kiliachwa nje. Kwa hiyo ukipokea data, hesabu safu kwanza. Zikigota kwenye kikomo cha programu, simama.

Mezani kwa mhariri msanifu, hatari kubwa ni asilimia. Kiwango kikipanda kutoka asilimia 4 hadi 6, kimepanda kwa pointi 2 za asilimia, na hiyo ni nyongeza ya asilimia 50, kwa kuwa 2 ni nusu ya 4. Anayeandika "kimepanda kwa asilimia 2" amekosea, hata kama sentensi yake ni fasaha. Nikisoma "maradufu," nauliza: kutoka ngapi? Visa 2 kuwa 4 ni maradufu pia. Na jiji kubwa kuwa na ajali nyingi kuliko mji mdogo si habari mpaka ugawanye kwa idadi ya watu.

Huwa naulizwa nani anafaa zaidi, aliyesomea hesabu au aliyesomea lugha. Nimefanya kazi na wote. Wa hesabu mara nyingi huamini data ikishafika kwenye jedwali. Wa lugha huikimbia. Ningelazimishwa kuchagua, ningemchukua wa lugha asiyeona haya kuuliza, kwa kuwa kuuliza ndiko kugumu kufundisha. Awe tu na nidhamu mbili: faili ya asili haiguswi, na kila hatua anaiandika ili mwenzake aweze kuirudia apate jibu lilelile.

Sasa fungueni faili mliyopewa mlangoni. Safu wima ya tatu ina tarehe, na ya kwanza imeandikwa 03/04. Ni 3 Aprili au 4 Machi? Msikisie. Teremkeni mpaka mkute tarehe ambayo moja ya namba zake mbili inazidi 12, muone imekaa upande gani. Tuanzie hapo.