Punguza Chumvi, Usiikate

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuacha dagaa juani mkaja kunisikiliza.

Watu wa Kigoma hatufundishwi chumvi. Pale Uvinza maji ya chemchemi yamechemshwa kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,500. Kila siku sisi watu wa afya tunawaambia ipunguzeni, na ni kweli, wengi tunazidisha. Leo nimekuja kwa kosa la upande wa pili.

Juzi hapa mwaloni nilimkuta mvuvi mtu mzima ameegemea mtumbwi. Alipoambiwa ana presha, aliacha chumvi kabisa: ugali na mgebuka wa kuchemsha, basi, mwezi mzima. Huku anameza vidonge vya kukojoza, na usiku kucha anavuta nyavu jasho likimtoka. Nikampima amekaa, nikampima amesimama. Aliposimama tu presha ikaporomoka, akanishika bega asianguke.

Chumvi ndiyo inayoshika maji kwenye damu. Ikipungua mno, damu inapungua ujazo, figo zinashtuka na kumwaga kwenye damu kitu kiitwacho renini. Hiyo inaamsha homoni za kubana mishipa na kuzuia chumvi isitoke na mkojo. Moyo nao unakwenda mbio.

Wataalamu bado wanabishana. Mwaka 2014 utafiti wa nchi nyingi uitwao PURE ulionyesha kuwa waliokula chumvi nyingi mno na waliokula kidogo mno, wote walipata maradhi ya moyo na vifo zaidi ya wale wa katikati. Wapinzani wakajibu: mgonjwa hana hamu ya kula, kwa hiyo huenda ugonjwa ndio uliotangulia, chumvi ikapungua baadaye. Tena chumvi ilikadiriwa kwa mkojo wa mara moja tu. Hoja hiyo naiona nzito. Lakini kwa yule mvuvi wangu, siwezi kungoja ubishi uishe.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Hiyo ni kama kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kidole, ukihesabu na iliyomo kwenye mkate na samaki wa chumvi. Ondoeni kikopo cha chumvi mezani, sufuriani tieni kidogo. Na iwe yenye madini joto, maana ukiikata kabisa unayakosa na hayo.

Mashine ya kupimia iko pale chini ya mwembe. Wanaomeza vidonge vya kukojoza waanze, na nitawapima mara mbili: mmekaa, kisha mmesimama.