Kanuni Zikibadilika, Kuna Wanaovuna

Mhadhara uliotolewa baada ya sala ya Alaasiri katika ukumbi wa skuli, Wete, Pemba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Walioko nyuma mnanisikia? Basi hiyo feni izimeni. Joto tutalistahamili, maneno yakipotea ndiyo hasara.

Walionialika walitaka nizungumzie mabadiliko ya kanuni za viza. Nikawauliza, za nchi gani? Wakanijibu, zote. Zote siziwezi, na anayekwambia anazijua zote mwangalie mara mbili. Mimi nina jambo moja tu: kanuni ikibadilika London au Washington, wa mwanzo kufaidika nayo hapa Wete si msafiri, ni tapeli. Kwake yeye kanuni mpya ni vuno kubwa la karafuu. Watu hawajaielewa, wana khofu, wana haraka, na fedha wameshaanza kuzitafuta.

Nianze na barua. Mtoto wa dada yangu alinijia na simu mkononi, anacheka mpaka magego yanaonekana. Ameletewa barua kwa WhatsApp: kazi ya kulea wazee Uingereza, udhamini uko tayari, atoe milioni tisa, nusu kabla, nusu viza ikitoka. Fedha mama yake kashaziweka pembeni, za karafuu. Nikaivuta ile barua kwa vidole viwili ikawa kubwa. Nembo imefifia, kama picha iliyopigwa juu ya picha. Barua pepe ni ile ya bure ambayo hata mimi ninayo. Lakini nikamwambia, mwanangu, nembo iache, angalia tarehe. Barua imeandikwa Novemba 2025. Uingereza ilifunga mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje tangu Julai 22, 2025. Na kabla ya hapo, tangu Machi 11, 2024, mlezi aliyepata viza alikuwa hawezi tena kufuatana na mke wala watoto. Huyu ameuziwa tiketi ya boti iliyokwisha ng'oa nanga.

Hakukubali. Vijana hawakubali upesi, na mimi namsifu kwa hilo. Akasema kampuni ipo, tuitafute. Serikali ya Uingereza inayo orodha ya waajiri wote wenye leseni ya kudhamini wageni, iko kwenye intaneti, kuiangalia ni bure. Tukatafuta, na jina tukalikuta! Akanitazama kama vile nimemwonea kijicho. Basi tukaingia kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, tukachukua anuani iliyoandikwa pale, siyo ile ya kwenye barua, tukawauliza. Siku ya pili wakajibu: hatumjui huyo, na barua hiyo si yetu. Kumbe tapeli wa siku hizi habuni kampuni, anaazima jina la kampuni ya kweli. Kwa hivyo kuliona jina kwenye orodha hakutoshi. Mwulize mwenye jina. Na cheti cha udhamini hakiuzwi, mwajiri ndiye anayekitoa kwa mtu aliyemwajiri. Ukishasikia kina bei, umeshajua uko kwa nani.

Sasa Marekani, maana najua ndiko masikio yaliko. Mwezi wa Oktoba 2025 Watanzania tuliingizwa katika mpango wa dhamana kwa viza za matembezi na biashara: afisa wa ubalozi akikukubalia, anaweza kukutaka uweke dola 5,000, au 10,000, au 15,000, urejeshewe ukifuata masharti na ukitoka kwa wakati. Haikupita miezi mitatu, ikaja nyengine. Kuanzia Januari 1, 2026, Tanzania imo katika nchi zilizowekewa zuio la sehemu: viza za kuhamia, za matembezi, za wanafunzi na za mabadilishano zimesimamishwa, isipokuwa kwa wachache wanaotajwa kwenye amri yenyewe. Aliyekuwa tayari na viza hai, yake haikufutwa kwa amri ile.

Mngedhani hapo biashara ya matapeli imekufa. Aa! Ndiyo imepamba moto. Mmoja anasema, "Mimi nina njia ya pembeni, zuio halinihusu." Mwengine anakusanya dhamana. Dhamana ile, ndugu zangu, hailipwi mpaka afisa mwenyewe akuelekeze baada ya mahojiano, na inalipwa kwenye mtandao wa malipo wa serikali ya Marekani. Hailipwi kwa M-Pesa ya mtu wa Chake. (Kicheko.) Mnacheka, lakini yupo aliyelipa, na leo yumo humu ndani. Simtaji.

Na mimi nisijifanye mjanja. Mwaka 2013 nilicheza bahati nasibu ya viza za kuhamia Marekani, hii mnayoiita Green Card. Wakati ule kujiandikisha kulikuwa bure kabisa. Ada ya dola 1 imewekwa mwaka 2025 tu. Mimi nilitoa shilingi elfu hamsini. Kwa nini? Kwa sababu yule bwana alikuwa na kompyuta na printa, na mimi nilikuwa na aibu ya kusema sijui kutumia. Akanipiga picha kwenye ukuta mweupe, akajaza, akabonyeza. Karatasi yenye namba ya uthibitisho ikatoka kwenye printa, akaikunja akaitia kwenye droo. Nikaiona inaingia. Sikuuliza.

Matokeo ya bahati nasibu ile hupatikana mahali pamoja tu, kwenye tovuti yao, na ufunguo wake ni namba ile. Hawakuandikii barua pepe kwamba umeshinda, wala hawakupigii simu. Mwezi wa Mei uliofuata yule bwana akaniita. "Umeshinda," akasema. "Namba ninayo. Milioni tatu." Na kama milioni tatu sina, lipo jengine: nimwoe binti wa mtu fulani kwenye karatasi, nimtie kwenye faili, baba yake atalipa. Usiku ule sikulala. Sikukataa kwa ucha Mungu, nawaambia ukweli. Nilikataa kwa sababu milioni tatu nilikuwa sina, na mama watoto alikuwepo nyumbani, ana akili kuliko mimi. Mpaka leo sijui kama nilishinda kweli au alikuwa ananivua tu.

Nilichokuja kukijua baadaye ndicho kilichonitia ubaridi. Ile ndoa ya karatasi isingekuwa kesi yake, ingekuwa yangu. Hata fomu ya viza za muda za Marekani, ile DS-160, mwishoni inakuuliza: kuna mtu aliyekusaidia kuijaza? Kisha unathibitisha wewe kwamba yote yaliyomo ni kweli. Wakala hasaini. Akiandika uongo na wewe ukabonyeza, umesema wewe, hata kama hukuusoma. Marekani, aliyedanganya kwa makusudi kwenye jambo la msingi huzuiliwa maisha, labda apate msamaha maalumu. Uingereza, udanganyifu kwenye ombi unaweza kukufungia mlango miaka 10. Kanada miaka 5. Wakala wako keshabadilisha laini ya simu, wewe alama zako za vidole haziwezi kubadilishwa.

Hapa kuna jambo letu sisi wenyewe, na linaniuma kwa sababu si utapeli lakini kwa afisa linanuka utapeli. Majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Moh'd, pasipoti inasema Mohamed, cheti cha skuli Mohammed. Hamad kwengine Hamadi. Sisi hatuna jina la ukoo, tuna la baba na la babu. Fomu inataka jina la ukoo, basi mara hii unaandika la babu, mara ijayo la baba. Wazee wetu nao, tarehe ya kuzaliwa ilikisiwa, wamejaa Januari 1. Mtu wa viza atakwambia, "Tutatengeneza cheti kipya." Usitengeneze! Kirekebishe kihalali kwenye Wakala wa usajili wa matukio ya kijamii, kula kiapo mbele ya wakili ueleze kwamba majina yote matatu ni ya mtu mmoja, na andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Kosa la herufi lina maelezo. Cheti cha kughushi hakina.

Na salio la benki. Unaazima milioni kumi kwa shemeji, unaziweka Jumatatu, unachapisha taarifa Alkhamisi, unazirejesha. Afisa hatazami salio peke yake, anatazama na miezi iliyopita. Akaunti iliyokuwa inaishi kwa elfu ishirini ishirini imeota milioni kumi usiku mmoja. Mtu mwenye duka dogo Konde akionesha mauzo yake ya kweli, madogo hayo hayo, ana nguvu kuliko huyu.

Kuhusu Oman na kwengine kwenye Ghuba nitapita haraka: viza ya matembezi si ruhusa ya kazi, na neno "utabadilisha huko huko" limewalaza watu wengi nje. Mkataba wa kazi upelekeni Kamisheni ya Kazi uangaliwe kabla hujapanda ndege. Na Hijja, kwa sababu hili linauzwa kwa jina la dini: viza ya matembezi ya Saudia haihijii. Hijja ya Juni 2024, siku za joto lile, Saudia ilitangaza vifo 1,301, na asilimia 83 walikuwa watu wasio na kibali. Hawana mahema, hawana mabasi, wanatembea juani. Wengine waliuziwa safari ile kama halali.

Swali? Naam, mama pale karibu na dirisha.

(Mama anauliza: mwanawe ameshapeleka ombi la kwenda kusoma Uingereza, na wakala ametia barua ya kazi ya baba ambayo si ya kweli. Jibu halijatoka. Afanyeje?)

Ahsante, mama, kwa kusema mbele za watu. Jibu likiwa halijatoka, anaweza kuliondoa ombi mwenyewe. Ada pengine itapotea, ipotee. Aombe tena na karatasi za kweli, na akiulizwa habari ya ombi la mwanzo aeleze kilichotokea, asilifiche. Lakini kuliondoa huenda akahitaji kuingia kwenye akaunti ya ombi. Barua pepe iliyotumika kufungulia ni ya nani, ya mwanao au ya wakala?

(Mama: Ya wakala.)

Namba ya simu?

(Mama: Ya wakala.)

Basi mpigie mwanao sasa hivi, kabla hatujatoka humu. Aje na pasipoti na risiti ya malipo, kama anayo. Mimi nitamsubiri hapa mlangoni.