Wachimba Makaburi, Majabari na Jukwaa Lililokwenda Vitani

REHEMA: Karibuni tena wapendwa. Dabi ya Kariakoo tunaiweka pembeni leo. Juma anatupeleka Belgrade, mji mkuu wa Serbia.

JUMA: Serbia sisi tunaijua kwa makocha, dada. Micho, Papić, Krmpotić, wote wamepita Yanga. Mashabiki wa kwao ndio hatuwajui.

REHEMA: Mimi nimeona ule moshi wao tu, uwanja hauonekani!

JUMA: Moshi ni mapambo. Anza na majina. Partizan, timu ya Belgrade, ilizaliwa Oktoba 1945 mikononi mwa jeshi la Yugoslavia, ile nchi iliyounganisha Serbia, Kroatia, Bosnia na jirani zao, na jezi zake zinajulikana kwa nyeusi na nyeupe. Watani wao wa jiji hilohilo, Crvena zvezda, yaani Nyota Nyekundu, wakasema hawa wamevaa kama vibarua wa makaburini. Wakawaita Grobari, wachimba makaburi.

REHEMA: Heh! Na hawakukasirika?

JUMA: Walilipokea wakaliandika kwenye mabango yao. Kuna wanaosema jina limetoka Mtaa wa Humska, uliko uwanja wao, kwa sababu humka kwa lugha yao ni tuta la kaburi. Mimi nabaki na ile ya jezi, ina utani zaidi.

REHEMA: Na wale wa Crvena zvezda?

JUMA: Delije. Tuseme majabari. Jukwaa lao la kaskazini lilikuwa na vikundi kadhaa, kila kimoja na bendera yake. Tarehe 7 Januari 1989 vikaungana. Hiyo ni Krismasi ya Waorthodoksi, na nchi bado iko chini ya wakomunisti.

REHEMA: Kwa hiyo tarehe yenyewe ilikuwa inasema jambo.

JUMA: Umeona eeh. Vijana walikuwa wameshaanza kuimba utaifa wa Kiserbia, na hapo ndipo anapoingia Arkan, jina lake halisi Željko Ražnatović. Mwizi wa mabenki aliyesakwa Ulaya Magharibi, katoroka jela zaidi ya moja, na ana watu wake ndani ya usalama wa taifa. Huyo ndiye akawa mkubwa wa jukwaa.

REHEMA: Mwizi wa benki anaongoza ushangiliaji! Subiri, nimeze hiyo kwanza.

JUMA: Meza, maana bado. Tarehe 13 Mei 1990 Delije wakasafiri hadi Zagreb, mji mkuu wa Kroatia, uwanja wa Maksimir, kucheza na Dinamo. Wakroatia walikuwa wametoka kwenye uchaguzi majuma machache tu nyuma, chama cha Tuđman, mzalendo wa Kikroatia, kimeshinda. Viti vikang'olewa, watu wakavamia uwanja, Zvonimir Boban wa Dinamo akampiga polisi teke. Mechi ikavunjika.

REHEMA: Ndiyo ile wanayosema ilianzisha vita?

JUMA: Wanasema, lakini mimi nakataa. Vita ilipikwa na wanasiasa ofisini. Ila wapiganaji walipatikana jukwaani. Oktoba ya mwaka huohuo Arkan akaunda kikosi chake cha kujitolea, na vijana wengi aliwachota kwa Delije. Walikuwa wameshazoea kutii amri na kutembea kundi moja. Wakaenda Kroatia, wakaenda Bosnia, na waliyowafanyia raia kule ni ya kutisha.

REHEMA: Na mpira ukaendelea tu?

JUMA: Mei 1991 Crvena zvezda wakabeba Kombe la Ulaya pale Bari, wakiitoa Marseille kwa penalti. Halafu dabi ya Machi 1992, watu wa Arkan wakasimama jukwaani na vibao vya barabarani, kimoja kimeandikwa karibu Vukovar. Huo ni mji wa Kroatia waliouteka, umebaki magofu.

REHEMA: Yaani kibao cha barabarani kama kombe...

JUMA: Lakini usiwafanye wote vibaraka wa serikali. Miaka ya mwisho ya Milošević, mtawala wa Serbia, majukwaa yalikuwa yanamwimbia ajiue, na tarehe 5 Oktoba 2000, alipoangushwa, mashabiki walikuwa mstari wa mbele pale bungeni.

REHEMA: Kwa hiyo wakatulia baada ya hapo?

JUMA: Wapi! Septemba 2009 shabiki wa Toulouse, Mfaransa wa miaka 28, alishambuliwa mchana katikati ya Belgrade akinywa na wenzake kabla ya mechi na Partizan. Alifariki siku kumi na mbili baadaye, na mashabiki wa Partizan wakafungwa.

REHEMA: Mtu kaja kuangalia mpira, jamani.

JUMA: Na Agosti 2019, kabla ya mechi ya kufuzu Ligi ya Mabingwa, mashabiki wa Crvena zvezda waliegesha kifaru nje ya jukwaa la kaskazini.

REHEMA: Kifaru mnyama?

JUMA: Kifaru cha vita, Rehema. Wakasema ni mapambo tu.