Mnaniuliza kwa nini nalipa mtu wa kuongea naye

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo sijapanga taa wala nini, nimekaa tu hapa mezani, kwa sababu swali hili nimechoka kulijibu moja moja. Tangu siku ile niliyoteleza ulimi nikasema "Alhamisi naenda kwa mshauri wangu", yaani mshauri wa saikolojia, komenti ni zile zile. Kwani unaumwa nini? Hela zimekuzidi? Huna ndugu wa kuongea nao?

Kabla hamjaanza kuandika, naomba mnisikilize. Sijaja kuwaringia kwamba ughaibuni kuna huduma za kitajiri, na sijaja kulialia ili mnionee huruma. Mmeuliza, najibu. Na ninayosema ni yangu mimi, mwingine yatakuwa tofauti kabisa.

Mimi nilienda hospitali kwa sababu ya kifua. Kilikuwa kinabana, saa tisa usiku nipo macho, moyo unakimbia. Nikapimwa moyo, mzima. Damu, safi. Daktari akanipa karatasi moja na kalamu, akasema jaza, fikiria wiki mbili zilizopita tu. Ni fomu inayoitwa PHQ-9, ya kupima dalili za sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ipo zaidi ya miaka ishirini na inatumika nchi nyingi. Maswali tisa, kila moja unajipa 0 mpaka 3, kwa hiyo jumla haizidi 27. Usingizi, hamu ya kula, uchovu, hayo nilijaza haraka. Swali la sita ndilo lililonisimamisha. Linauliza kama umekuwa ukijiona umeshindwa, au umeiangusha familia yako.

Kalamu ikabaki hewani. Niliisoma ile sentensi mara tatu, machozi yakadondoka kwenye karatasi, nikaifuta kwa mkono, wino ukachafuka. Nikazungushia 3.

Nilipata 16. Kuanzia 10 daktari anaanza kuangalia kwa makini, kuanzia 15 hali si ndogo. Fomu peke yake haisemi una sonona, akaniuliza mengi baada ya hapo. Na swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Tafadhali, hilo usilidanganye. Kama mawazo hayo unayo sasa hivi, usisubiri miadi wala foleni, nenda hospitali iliyo karibu leo, au mwambie mtu aje akae nawe.

Sasa turudi kwa wale wa "huna ndugu?" Ndugu ninao, na nawapenda. Lakini niambieni, nitamwambia nani kwamba simu ya nyumbani ikiita usiku natetemeka? Nimwambie yule yule anayepiga? Nilijaribu, msifikiri sikujaribu. Nilimweleza ndugu yangu mmoja kwa ujumbe wa sauti, nikalia humo ndani. Ndani ya siku mbili watu watatu walinitafuta. Mmoja anasema nimelogwa, mmoja anasema niache kuwaza, wa tatu ananiambia nikishapata nafuu nimkumbuke, ana shida kidogo. Ule ujumbe ulikuwa umesambazwa. Sijawahi kulisema hili hadharani na bado linaniuma. Mtu uliyemwamini, na sauti yako ya kilio inasikilizwa na watu usiowajua.

Ndiyo maana karatasi ya kwanza niliyosaini kwa mshauri niliisoma mpaka nukta ya mwisho. Imeandikwa kwamba ninayosema hayatoki, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini, au mtoto anadhurika, na sheria inaweza kumlazimisha katika mambo fulani. Nilimuuliza mara mbili, akanieleza mara mbili bila kukasirika. Hiyo tu ilinipa usingizi wa usiku mmoja.

Haya, hela na makaratasi, maana najua hapa ndipo mnapopasubiri. Bima yangu ilitaka kwanza barua ya daktari wa kawaida. Nikaipata. Wakasema mshauri lazima awe kwenye orodha yao. Nikapiga simu kwenye orodha hiyo, mmoja amehama, mwingine hapokei wateja wapya, mwingine ana foleni ya miezi. Nikampata mmoja, bima wakasema jina la ugonjwa halijaandikwa kwenye fomu. Likaandikwa, wakasema fomu imepitwa na wakati, kuna mpya. Mtu kifua kinambana, hana nguvu ya kuoga, ndiye anaambiwa akapige foleni ya simu dakika arobaini akisikiliza muziki! Nilikata tamaa mara mbili. Na hata walipokubali, walikubali idadi fulani ya vikao, vilivyobaki nalipa mwenyewe. Ukikosa kikao bila kutoa taarifa mapema, unalipa vile vile. Kwa hiyo aliyeandika kwamba nachezea hela, kuna vitu nimeacha kununua. Nimechagua hili.

Na mshauri wa kwanza hakunifaa. Siyo mtu mbaya, ila kila nikieleza habari ya familia ananiambia niweke mipaka, kama vile mama yangu ni jirani anayepiga kelele. Nilienda mara nne, nikabadilisha. Niliona aibu, kumbe inaruhusiwa kabisa. Namna mnavyoelewana na huyo mtu ni sehemu kubwa ya tiba yenyewe.

Wa sasa ananifanyisha kazi. Kuna tiba inayofuatilia mawazo na tabia, ilianzishwa na daktari wa Marekani, Aaron Beck, miaka ya 1960. Nina daftari. Naandika tukio: nimekuta simu niliyoikosa kutoka nyumbani. Wazo lililokuja: kuna msiba, au wanataka hela na mimi sina, mimi ni mtu wa bure. Halafu naandika ushahidi wa wazo hilo, na ushahidi unaolipinga. Siku ya kwanza upande wa kupinga sikuwa na neno. Juzi niliandika mistari saba, nikapiga simu. Walikuwa wanataka kunionyesha mtoto ameanza kutembea.

Dawa situmii, wapo wanaotumia na zinawasaidia. Hilo ni la daktari na wewe, msiniulize mimi majina ya dawa. Na mwenye imani yake aendelee nayo, mimi naomba kila siku na Alhamisi naenda vile vile.

Dada mmoja aliniuliza kama mama anajua. Nilichelewa sana kumwambia. Nilipomwambia alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza, "Huyo mtu, anakusikiliza vizuri?" Nikasema ndiyo mama. Akauliza, "Nilikukosea wapi?" Nikamwambia hapana mama, tukalia wote wawili, kila mtu na simu yake sikioni.

Siku hizi kila Alhamisi jioni ananiandikia neno moja tu: "Umekwenda?"