Supu Imejaa Sufuria, Lakini Hainywewi

Haya, hamjambo wa nyumbani! Nisameheni kwa kunong'ona, huku ni saa tano usiku na wenzangu wamelala. Halafu mdomo wenyewe haujarudi. Mnauona huu wa chini? Nikiugusa nahisi nimegusa mdomo wa mtu mwingine. Sijang'oa jino, jamani. Nimetoka kula huoguo, chakula cha Wachina kinachopikwa mezani penu kwenye sufuria ya mchuzi unaochemka.

Kwa wageni wa hapa: mimi niko Chongqing, China, ule mji wa milima ambako Yangtze na Jialing zinakutana. Huoguo hapa ndiyo chakula chao, kama nyama choma kwetu Jumapili. Nimeikwepa miezi mingi. Leo tumekwenda wanne, wote mara ya kwanza: mimi wa Tanga, dada mmoja wa Mombasa, kaka wa Lubumbashi, na Mrundi mmoja mpole hivi, ukimsikia kaongea ujue kuna jambo.

Dada alisema yeye haingii pasipo na kibao cha qingzhen, yaani halali, mikahawa ya Wachina Waislamu. Na mimi nikaona afadhali, maana kwingine damu ya bata inaletwa mezani imekatwa mabonge kama maini. Hapo tumeiruka bila ugomvi.

Mkikaa tu mnavalishwa aproni, simu inatiwa kwenye kifuko cha nailoni, koti linafunikwa. Ningekuwa na akili ningeshtuka hapohapo. Sufuria imezamishwa katikati ya meza, jiko liko chini yake, na ndani kuna ukuta umeigawa pande mbili. Upande mmoja mchuzi mweupe wa mifupa. Upande wa pili, astaghfirullah, mwekundu! Bonge la mafuta ya ng'ombe limeganda kama samli, linayeyuka mnaliona, na pilipili kavu zinaibuka moja moja.

Sasa mimi nimezaliwa kwenye supu. Nikiona mchuzi unachemka, akili inakwenda kwenye bakuli na ndimu. Nikashika upawa, nikajichotea ule mwekundu, nikapiga funda. Yule mama anayehudumia alikuja mbio kutoka meza ya tatu, anapunga mkono: "Bie he! Bie he!" Usinywe! Kumbe ule mchuzi ni wa kupikia tu. Unachovya nyama, unatoa, unapitisha kwenye kibakuli cha mafuta ya ufuta na kitunguu saumu, unakula. Sufuria nzima ya supu, na hainywewi. Mimi hilo mpaka sasa halijaniingia.

Lakini nilikuwa nimeshachelewa. Kwenye lile funda kulikuwa na punje, nikaitafuna kama tunavyotafuna pilipili manga ya kwenye pilau. Haikuwasha, nawaambia ukweli. Ilikaa kimya kidogo, halafu ulimi ukaanza kutetemeka kama umelamba betri. Midomo ikafa ganzi. Nikanywa maji, maji yakawa na chumvichumvi! Ile punje inaitwa huajiao, na wala siyo pilipili, ni ukoo mmoja na ndimu na machungwa. Wenyewe wana neno lake, mala: ma ni ganzi, la ni ule ukali wa pilipili tuliouzoea. Mimi nilijigamba njia nzima kwamba pilipili hainitishi. La niliijua. Ma ndiyo imenimaliza.

Kwenye kuagiza, simu ya kaka ilitutafsiria chakula kimoja "tumbo lenye manyoya". Tukacheka, tukaagiza kwa ubishi. Kikaja, dada akapiga kelele, "Si matumbo haya!" Utumbo wa ng'ombe, ule wa kurasa kurasa kama kitabu, umekatwa mwembamba na umelazwa juu ya barafu. Yule mama akatuonyesha: unaushika kwa vijiti, saba juu, nane chini, sekunde kumi na tano hivi, basi. Ukizidisha unakuwa mpira. Nikahesabu kwa Kiswahili kwa sauti, nilipofika tano ukaniponyoka, nikauvua na kijiko cha matundu ukiwa kama kandambili. Wa pili ukatoka sawa, unavunjika mdomoni kru, kru. Wanasema chakula hiki kilianzia kwa makuli na wavuta mashua wa mtoni hapa, waliokula matumbo kwa sababu nyama hawakuimudu. Supu ya utumbo ya kwetu nayo si ilikuwa hivyohivyo?

Kaka wa Lubumbashi alitazama meza imejaa uyoga, viazi, mizizi ya yungiyungi yenye matundu, akauliza kwa huzuni, "Yaya, sasa bukari iko wapi?" Bukari ndiyo ugali, wa Tanga mwenzangu. Haukuwepo.

Na yule Mrundi? Hakusema kitu. Alikula upande mwekundu mwanzo mwisho, jasho linatiririka mpaka kwenye aproni. Alipomaliza akapanga vijiti vyake, akafuta miwani, akatuangalia.

"Jumamosi ijayo?"

Na mimi na ganzi yangu hii nikaitikia. Kwa hiyo kesho mkiniona na sweta la kuazima, msiulize. Koti liko dirishani linanuka samli na pilipili, na mwenye nyumba ameshaligongea mlango.