Kinyesi Kimoja, Magonjwa Mawili: Minyoo na Bakteria kwa Watoto wa Shule

Mhadhara uliotolewa Newala mbele ya walimu wa afya, wajumbe wa kamati za shule na wahudumu wa afya ngazi ya jamii

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wazee wangu. Walimu, habari za asubuhi.

Mmeniita nizungumzie vihatarishi vinavyomfanya mtoto wa shule awe na minyoo na bakteria tumboni kwa wakati mmoja. Nashukuru mmelichagua jambo hili, kwa sababu kwenye vituo vyetu tumezoea kumtafutia mtoto jibu moja. Akipimwa choo yakaonekana mayai ya safura, wale minyoo wanaonyonya damu, anapewa dawa ya minyoo na anarudi nyumbani. Akipimwa damu akaambiwa ana taifodi, anapewa antibayotiki na anarudi nyumbani. Baada ya wiki kadhaa mama yule yule yuko foleni na mtoto yule yule, tumbo lile lile. Mama anaona dawa ni feki. Dawa si feki. Mtoto alikuwa na magonjwa mawili, tukatibu moja.

Sasa kwa nini yawe mawili? Tukianza na kinyesi tutaelewa kila kitu kinachofuata. Chukulieni mtoto mwenye minyoo na mwenye shigela, yule bakteria wa kuhara damu, amejisaidia chini ya mkorosho. Shigela wako tayari kuambukiza saa ile ile, na hawahitaji kuwa wengi: kati ya 10 na 100 tu wanatosha kumwangusha mtu. Mkono uliogusa, nzi aliyetua, inatosha. Mayai ya minyoo duara yaliyomo kwenye kinyesi hicho hicho hayadhuru siku hiyo. Yanahitaji kama wiki mbili au tatu kwenye udongo ndipo yakomae. Ya safura yanaanguliwa mchangani, na ndani ya siku 5 hadi 10 viluwiluwi wake wako tayari kutoboa ngozi ya mguu. Kwa hiyo kinyesi kimoja kinaleta bakteria leo, safura wiki ijayo, na minyoo duara mwishoni mwa mwezi. Na mnyoo duara jike mmoja anaweza kutaga mayai 200,000 kwa siku, mayai yanayoweza kukaa ardhini miaka.

Ndiyo maana mtoto mwenye minyoo na bakteria kwa pamoja si mtoto mwenye bahati mbaya mara mbili. Ni mtoto anayeishi mahali ambapo kinyesi cha binadamu kinafika mdomoni mwake na miguuni mwake. Hilo ndilo ninalotaka tulitafute tukienda kwenye shule zetu. Tukilipata, majina ya vimelea yatajipanga yenyewe.

Wakishaingia tumboni, minyoo na bakteria hawakai mbali mbali. Wanasaidiana kwa njia tatu, na hapa naomba mnivumilie kidogo.

Ya kwanza ni ya mnyoo mjeledi, huyu anayechimbia kichwa chake kwenye ukuta wa utumbo mpana. Watafiti wa Manchester, Uingereza, walichapisha mwaka 2010 kazi waliyofanya kwa mnyoo mjeledi wa panya. Waligundua kwamba mayai yanaanguliwa yakigusana na bakteria wa utumbo. Panya waliopunguziwa bakteria kwa dawa walishikwa na minyoo wachache zaidi. Mnyoo anawategemea bakteria hata kuzaliwa. Naye akishajichimbia, ukuta wa utumbo unabaki na majeraha, na jeraha ni njia ya bakteria kupita kwenda kwenye damu.

Ya pili ni ya kichocho, na sisi watu wa Mtwara na Lindi kichocho cha mkojo tunakifahamu. Kichocho cha tumbo kimetawala zaidi Kanda ya Ziwa, lakini watoto wetu wanaoshuka mabondeni, kwenye malambo na vijito, wanarudi na hiki cha mkojo. Kwa miongo mingi, tangu tafiti za Misri, inajulikana kwamba salmonela, bakteria wa ukoo wa taifodi, wanajishikiza kwenye ngozi ya mnyoo wa kichocho na kujificha humo. Kwa salmonela, mnyoo yule ni jahazi: ukimwaga antibayotiki unawaua walio majini, walio ndani ya jahazi wanabaki, na dawa ikiisha wanashuka tena. Mgonjwa wa namna hiyo homa inamrudia mpaka apewe prazikwanteli, dawa ya kichocho, minyoo wafe, ndipo antibayotiki ifanye kazi yake. Mkisikia mtoto ametibiwa taifodi mara tatu kwa mwaka, naye ni wa kijiji chenye lambo, mpimeni mkojo.

Ya tatu ni ya kinga yenyewe. Mwili ukikabiliana na minyoo kwa muda mrefu unaelekeza nguvu zake upande huo, na askari wa kupambana na bakteria wanapungua kasi. Ongezeni na damu anayoinyonya safura. Mnyoo mmoja ananyonya kidogo sana kwa siku, ila mamia kwa miezi humwacha mtoto mweupe viganjani, anasinzia darasani, na mwalimu anamwita mvivu. Mwili uliopungukiwa damu na chakula hauna cha kupigania.

Haya, tuje kwetu. Nimesema nitaje vihatarishi. Umaskini upo, elimu ya wazazi ipo, msongamano ndani ya nyumba upo, kuku wanaolala na watoto wapo, nao wanabeba bakteria wao. Hivyo vyote ni kweli na mmevisikia kwenye semina nyingi. Nataka nikae zaidi kwenye vitu vitatu vya hapa hapa.

Cha kwanza ni mikorosho. Msimu wa korosho mtoto anaingia shambani miguu mitupu, asubuhi na mapema au akitoka shule. Korosho inaanguka na bibo lake, lile tunda lake laini, mtoto anainama, anaokota, ananyofoa korosho anaitia kwenye ndoo, bibo analifuta kwenye kaptura na kulila. Bibo lile lina ngozi laini, likidondoka linapasuka, mchanga unaingia mle ndani. Hakuna kufuta kunakoutoa. Na tuambizane ukweli: mashamba mengi hayana choo karibu, watu wazima na watoto tunajisaidia humo humo, tena chini ya mkorosho kwa sababu pana kivuli. Kiluwiluwi cha safura kinataka vitu vitatu, mchanga, kivuli na unyevu. Uwanda wetu wa Makonde una mchanga wa kutosha, mkorosho unatoa kivuli, na mvua za kwanza za Novemba na Desemba zinaleta unyevu huku korosho bado ziko chini. Msimu unaotupa ada za watoto ndio unaowaingizia safura. Simwambii mzazi asimpeleke mtoto kuokota, najua hali. Namwambia amvishe viatu, hata yeboyebo zilizofunika nyayo, na achimbe shimo moja la choo shambani. Shimo hilo linagharimu jasho la siku moja.

Ming'oko nayo, mizizi ya porini inayoliwa, niitaje kwa haraka. Inachimbwa kwa mikono, inachemshwa, hapo iko salama. Hatari inakuja inapomenywa na kuuzwa getini kwa mkono ule ule uliochimba, ikipangwa kwenye sinia, na pilipili ya kuchovya ambayo kila mtoto anachovya.

Cha pili ni maji, na huku juu uwandani hamna haja ya mimi kuwafundisha. Hatuna mito huku. Maji ya Mradi wa Makonde yanasukumwa kutoka bondeni, na yakikatika tunarudi kwenye mashimo ya maji ya mvua. Mtoto anaambiwa aje shule na kidumu. Hebu tukifuatilie kidumu hicho. Kinajazwa nyumbani kwa maji ya shimo, kinafungwa kwa gunzi au kipande cha nailoni, kinafika shuleni, kinamiminwa kwenye pipa moja na vidumu vingine vyote. Maji ya nyumba moja yenye mgonjwa yamekuwa maji ya shule nzima. Kisha pipa lile lile linagawanywa: ya kumwagilia miti, ya kuoshea madarasa, ya chooni, na saa sita mchana kiu ikibana, ya kunywa, kwa kikombe kimoja kinachozamishwa na mkono.

Naomba mlielewe vizuri suala la dawa ya maji. Klorini inaua bakteria, inaua vimelea wa kipindupindu na taifodi, itumieni. Lakini mayai ya minyoo duara hayafi kwa klorini tunayotia kwenye maji ya kunywa. Yana ganda gumu. Maji yakichemka kweli kweli, vyote vinakufa. Shule ikisema "tunatia dawa, tuko salama," iko salama nusu.

Cha tatu ni kopo la chooni. Sisi watu wa pwani tunatawaza kwa maji, na ni utaratibu mzuri. Ila nendeni mkaangalie mlango wa choo cha shule wakati wa mapumziko. Mwongozo wa taifa unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Nyinyi mnajua shule zenu ziko wapi kwenye hesabu hiyo. Foleni ni ndefu, kopo ni moja. Mtoto anaingia nalo, anatawaza kwa mkono wa kushoto, analishika kwa mkono huo huo, anatoka, anampa mwenzake mkononi, kisha anakimbilia kununua maandazi. Na pale alipolichota kwenye ndoo, vidole vyake vimeingia ndani ya maji. Ndoo ile sasa ina kila kitu kilichotoka kwenye foleni ile. Mimi nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kubadilisha katika shule ya Mtwara, sichagui darasa la afya wala bango. Nachagua ndoo yenye koki iliyoinuliwa, hatua chache kutoka mlango wa choo, na sabuni juu yake. Kibuyu chirizi, kile kidumu kinachoning'inizwa na kuinamishwa kwa kukanyaga kijiti, kinafaa vile vile. Karachi, nchini Pakistani, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha nyumba zilizopewa sabuni na kufundishwa kunawa watoto wake waliharisha karibu nusu ya wale wa nyumba nyingine. Sabuni na maji, basi.

Wazee mliopo hapa mnakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi wakisikiliza redio, wakiinuka wanachimba vyoo. Tumeshawahi kuifanya kazi hii nchi nzima, kwa jembe na redio.

Sasa dawa za minyoo zinazogawiwa shuleni. Naziunga mkono kabisa, mzazi asimfiche mtoto siku ile. Ila tujue mipaka yake. Albendazoli ya miligramu 400 inamsafisha mnyoo duara vizuri, safura kiasi kizuri, mnyoo mjeledi inamgusa kidogo tu, na bakteria haiwagusi kabisa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba miezi 6 baada ya dawa maambukizi ya minyoo duara yanakuwa yamerudi kufikia asilimia 68 ya kiwango cha awali, na miezi 12 asilimia 94. Tunatibu watoto kisha tunawarudisha kwenye mchanga ule ule na kopo lile lile.

Kwa wenzangu wa maabara, maneno machache. Sampuli ya choo ya kupima minyoo kwa Kato-Katz, njia ya kupaka choo kwenye kioo na kuhesabu mayai kwa hadubini, isomwe mapema. Mayai ya safura ganda lake ni jembamba, baada ya nusu saa hadi saa moja kwenye kile kioo yanafifia na kupotea. Nimeona vioo vinapangwa mezani visubiri msomaji anywe chai, na majibu yanaandikwa "hakuna mayai". Mtoto yule anakosa dawa kwa ajili ya chai. Na kipimo cha Widal, kile cha damu cha taifodi, kisitupe uhakika kisicho nao. Kinaonyesha kingamwili, na kingamwili zinaweza kuwa za ugonjwa wa mwaka jana au wa bakteria mwingine wa ukoo huo. Penye uwezo wa kuotesha bakteria wa damu au choo maabara, waoteshwe. Pasipo uwezo, angalau mtoto anayeandikiwa antibayotiki kwa tumbo apimwe na minyoo pia. Kutoa antibayotiki kila tumbo linapouma ndiko kunakotuzalishia bakteria sugu.

Ndiyo, mwalimu, nimekuona. Unauliza siku ya dawa watoto wale chakula kwanza? Ndiyo, wale. Prazikwanteli ikikuta tumbo tupu inaleta kichefuchefu na kizunguzungu, ndipo uvumi unapoanzia kijijini. Wapikieni uji asubuhi, wapimwe urefu kwa ile fimbo yenye alama za idadi ya vidonge, wameze mbele yenu. Anayeumwa siku hiyo aandikwe, apewe akipona. Na msiwasahau walioacha shule, maana wanacheza na hawa wanaosoma.

Na wewe mama? Hela ya sabuni. Swali zuri, kwa sababu mche ukiwekwa chooni jioni haupo. Chukueni chupa ya maji ya lita moja na nusu, tieni gramu 30 za sabuni ya unga, jazeni maji, tikiseni, toboeni kifuniko kwa msumari wa moto. Fungeni chupa kwa kamba kwenye nguzo ya ndoo. Mtoto anabonyeza, inatoka kidogo, hakuna anayeiba maji ya sabuni. Sabuni ikiisha kabisa, jivu safi la jikoni linasaidia. Kamati iandike jina la mwalimu mmoja na wanafunzi wawili wa zamu kila wiki, kazi yao iwe kujaza ndoo na chupa kabla kengele ya mapumziko haijagongwa.