Marando Safi Ndiyo Mtaji wa Viazi Lishe

Shikamooni wazee wangu, na ndugu zangu wote, habari za tangu asubuhi.

Tazameni marando haya mawili, mashina tunayoyapanda. Yote ya kijani, yote yamenawiri. Moja lina kirusi, na kwa macho hata mimi silitambui. Hapo ndipo biashara yetu changa ya viazi lishe, yaani viazi vitamu vya rangi ya chungwa, inapoponea au kufia.

Kiazi tunakipanda kwa shina, si kwa mbegu ya kukauka. Kwa hiyo ugonjwa wa mwaka jana tunaubeba wenyewe hadi kwenye tuta la mwaka huu. Kirusi kinacholetwa na vidukari, kikiwa peke yake, mmea hukivumilia bila kuonyesha dalili za maana. Inzi weupe wakileta cha pili, majani hujikunja, shina hudumaa, na mavuno yanaweza kupungua kwa zaidi ya asilimia 90. Dawa ya kuua kirusi ndani ya shina hakuna. Wengi wenu mliipenda aina ya Ejumula kwa utamu na rangi yake, nami naipenda, lakini ugonjwa huu huishika upesi.

Maabara husafishaje? Mmea huwekwa kwenye joto kwa wiki kadhaa, kisha ncha ya chipukizi hukatwa chini ya darubini, kipande kisichofika milimita moja, maana pale nchani mara nyingi virusi havijafika. Kipande hicho hukuzwa ndani ya chupa. Kikishakuwa mche, huungwa kwenye mmea mwingine wa jamii ya kiazi, *Ipomoea setosa*, ambao ukipata kirusi majani yake husema wazi. Ni kazi ya miezi mingi kwa mche mmoja!

Na mche huo ukitoka, hauna kinga yoyote. Ukiuweka kando ya shamba la zamani, inzi weupe wataumaliza kama mwingine.

Ndiyo maana nawasihi mnaozalisha marando: jengeni vichanja vya neti. Fito zilizopindwa, neti ya matundu madogo juu yake, pindo zote zifukiwe udongoni. Mama mmoja alinionyesha neti yake, nzuri kabisa, ila kona moja ilikuwa imeinuka upana wa vidole viwili. Chini ya majani tukakuta inzi weupe. Tuliyang'oa marando yote siku ileile, naye akaanza upya.

Sasa twendeni bustanini, mshike wenyewe.